Nyinyi mnaomaliza kitabu usiku mmoja, mwandishi ana deni gani kwenu?

#1 Bint_Kuze (mleta uzi)

Masalkheri wadau. Naanza na hesabu kabla hamjaniparamia.

Mtu mzima aliyezoea kusoma, akisoma kimya, hupitia karibu maneno 240 kwa dakika. Hayo ni makadirio ya wasomaji wa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, kwa hivyo tushushe hadi 200. Riwaya ya maneno 100,000 itakwisha kwa saa nane na kitu. Umeanza Ijumaa baada ya Isha, Jumamosi adhuhuri ushamaliza, na kulala umelala kidogo.

Sasa geuza upande wa pili. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha wa Marekani, ambaye sidhani kuna atakayemwita mvivu, aliandika mwaka 2000 kwamba lengo lake lilikuwa maneno 2,000 kwa siku. Kwa mwendo wake huo, maneno 100,000 ni siku 50, bila homa, bila harusi, bila msiba wa jirani. Na hapo una rasimu tu. Bado kuandika upya, bado mhariri, prufu, jalada na mtambo.

Saa nane kwa siku 50. Pengo hilo halizibiki hata mwandishi afungiwe ndani na kahawa.

Kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Namsomea prufu kaka mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, anayeandika simulizi na kuziuza WhatsApp. Msimu mzima Sh50, na sehemu hushuka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mchana yuko duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari. Usiku huandika kwa kidole gumba kwenye simu iliyopasuka kioo upande wa kulia, pale penye herufi P. Kazi yangu kubwa ni kurudisha P. "Olisi wakafika na ingu." Ndivyo ninavyokula nami.

Juzi ameshusha sehemu saa tatu usiku. Hata robo saa haijapita: "Kaka mbona fupi?" Halafu: "Umetuachia arosto." Halafu voisi noti ya dakika mbili, mtoto analia nyuma, mama mtu yuwauliza kama yule mjomba amekufa kweli. Saa saba usiku: "Umelala?" Asubuhi kaka akafunga grupu, akaacha admini pekee ndio waandike. Kufumba na kufumbua, watu wataka kurudishiwa Sh50 zao.

Msimamo wangu: aliyenunua kitabu kizima ameshapewa alichonunua, kitabu cha pili hakidai. Aliyelipia msimu kwa vipande anadai vipande vyake siku zilizoahidiwa, hadai urefu wala kasi. Na hii presha tunayoilaumu kwa wasomaji wa kasi, mimi naona chanzo chake ni namna mwandishi anavyolipwa. Macho ya msomaji hayana kosa. Haya, njooni.

#2 Tuktuk_ya_Buxton

Nawahi siti ya mbele. Nina bando na viazi karai.

#3 Kasi_ya_Feri

Dada Bint, ahsante kwa kunitoa kosani, ijapokuwa uzi umeuita kana kwamba watupeleka kortini.

Mimi nakaa Likoni, kazi iko kisiwani. Anayeijua foleni ya feri hahitaji kuniuliza nasoma saa ngapi. Nasoma nimesimama, nasoma nikisukumwa, nasoma mkoba umebanwa kwapani. Ni kasi niliyozaliwa nayo, siringi.

Kinachoniudhi ni hii dhana kuwa anayesoma haraka ni mlafi na anayesoma polepole ndiye mwenye adabu. Ofisini kwetu yuko bwana ana riwaya moja, jalada limeshapiga mafuta ya mahamri, bado yuko sura ya nne. Kwa mwandishi yule ni mteja mmoja wa kitabu kimoja. Mimi nikipenda cha kwanza, nanunua cha pili na cha tatu, na nampa shoga yangu namba ya muuzaji.

Tatizo langu kwenye mfululizo ni usahaulifu. Kitabu cha pili kikija baada ya miaka mitatu, hapo katikati nimesoma vingine chungu nzima. Simkumbuki nani mjomba wa nani, nani alimpa nani sumu. Lazima nirudie cha kwanza. Kwa hivyo mimi simwambii mwandishi aharakishe. Naomba tarehe. Aniambie "mwakani baada ya Mfungo Mosi", ntanyamaza wallahi. Ukimya ndio unaotutia wazimu.

#4 Mchungu_Daima

Deni lipo, acheni kupaka mafuta. Ukiandika "Kitabu cha Kwanza" kwenye jalada, umeahidi cha pili. Hiyo ni biashara, si sadaka.

Mfano: George R. R. Martin, yule wa *Game of Thrones*. Kitabu cha kwanza 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000. Mwendo mzuri, twende. Cha nne kikaja 2005, cha tano 2011. Cha sita mpaka leo twahesabu nyota. Tamthilia ya televisheni ilianza 2011 ikaisha 2019, ikampita mwenyewe njiani ikamaliza hadithi ambayo yeye hajaimaliza. Na hapo katikati ametoa vitabu vingine vya kando. Kwa hiyo mkono unaandika, ila hauandiki tunachongoja.

Brandon Sanderson, mwandishi mwingine wa Marekani, naye mwaka 2022 alitangaza kuwa ameandika riwaya nne kwa siri wakati wa korona, akachangisha zaidi ya dola milioni 41 mtandaoni. Inawezekana basi.

#5 Ami_Tudor

Aleikum salaam binti yangu Kuze. Haya nasema, mjukuu abonyeza. Macho yangu na simu hayapatani.

Mwazungumza kana kwamba mfululizo umeletwa na Wazungu juzi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alituletea mpelelezi wake, Bwana Msa. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya hadithi ya Afrika Mashariki ya 1957/58, ikachapwa 1960. *Kisima cha Giningi* ikaja 1968. Miaka minane hiyo! Halafu kimya tena mpaka 1973, na hapo zikafuatana kila mwaka moja, 1973, 1974, 1975, 1976. Kisha kimya, kisha *Kosa la Bwana Msa*, 1984.

Mwafikiri ni wasomaji walimkimbiza miaka ile ya sabini? Hakuna aliyekuwa na namba yake. Huyu bwana alikuwa mhariri wa *Mkulima*, jarida la ukulima, mpaka alipostaafu 1968. Tazameni hiyo tarehe, kisha tazameni vitabu vingi vimekuja lini. Alipopata wakati wake mwenyewe, Bwana Msa akatoka na kiko chake.

Sisi tulijua kitabu kipya kimetoka siku tuliyokiona dukani. Hapo kilipokosekana tulirudia kilichopo, na ukirudia hadithi ya upelelezi ukimjua muuaji ndipo unaona mwandishi alivyokuzunguka. Huo ni utamu ambao nyinyi wa kasi mwauruka.

(Mjukuu hapa: babu ameendelea kuhusu bei ya vitabu enzi hizo, nimefupisha.)

#6 Kasi_ya_Feri

Ami, shikamoo. Kurudia narudia sana, tena siku hiyo hiyo. Ndio faida ya kasi :)

Lakini umetaja kiko ukanikumbusha mwenye kiko wa Uingereza. Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamwangusha kwenye maporomoko Desemba 1893 ili apate nafasi ya kuandika riwaya za historia alizozithamini zaidi. Wasomaji wa jarida la *Strand* wakasusa, wakajitoa kwa wingi. Mwaka 1901 akaanza kutoa hadithi mpya ya Holmes iliyotokea kabla ya kile kifo, na 1903 akamfufua kabisa. Malipo manono kutoka Marekani nayo yalisaidia, tusifichane. Wale walikuwa wanasoma jarida linalotoka mara moja kwa mwezi. Hakuna aliyekuwa na kasi ya kutisha, na bado walimlemea mtu mpaka akafufua maiti. Kwa hiyo dada Bint uko sawa, si suala la kasi.

#7 Otaku_Bombolulu

Wazee wangu heshima zenu, lakini mnaongea vitabu vya miaka. Njooni kwa manga, hadithi za michoro za Kijapani, muone presha ya wiki.

Kule Japani mchoraji wa jarida la kila wiki anatakiwa kurasa kama 18 au 19 kila wiki, zimechorwa, zimeandikwa. Yoshihiro Togashi alianza *Hunter × Hunter* 1998, mgongo ukamshinda, akawa anatoweka na kurudi. Kuna kipindi alitoweka kuanzia 2018 hadi 2022. Halafu Kentaro Miura wa *Berserk*, ameanza 1989, alifariki Mei 2021 ana miaka 54, hadithi haijaisha. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakitoa vichekesho kila akipumzika. Sasa hivi yaendelezwa na wasaidizi wake chini ya rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alikuwa amemsimulia mwisho tangu zamani. Ilianza tena 2022. Mistari ni mizuri. Nasoma, lakini kila ukurasa najiuliza hiki angekichora hivi?

Sina hoja kubwa. Nasema tu hawa watu wana migongo.

#8 Bint_Kuze

@Mchungu_Daima nakujibu kwa utaratibu, maana umeleta tarehe na mimi napenda tarehe.

Martin kwanza. Ulivyonunua kile cha 1996, ulipewa kitabu cha kurasa mia kadhaa chenye mwanzo na mwisho wa aina yake. Ulisoma, ukafurahi, ukanunua cha pili. Kila mara ulipewa kitu mkononi kwa pesa yako. Cha sita hujakilipia hata ndururu. Una haki ya kukasirika, una haki ya kuacha kumsoma, una haki ya kuwaambia wengine wasianze. Kudai kama mwenye hati ya deni, hapana.

Chukua mwandishi mwingine, Robert Jordan. Alianza mfululizo wake 1990, akafariki Septemba 2007 haujaisha. Huyo Sanderson unayemsifu ndiye aliyechaguliwa kuumalizia, kwa maandishi na maelekezo aliyoacha marehemu. Kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu: 2009, 2010, 2013. Wasomaji wakapata vitabu 14. Wakati Jordan yu hai walikuwapo waliokuwa wakimwandikia kwamba asife kabla hajamaliza. Mtu mgonjwa huyo.

Na hizo riwaya nne za siri za Sanderson, hebu ziangalie vizuri. Aliziandika wakati hakuna msomaji wa nje anayezingoja. Wasomaji wake hawakujua zipo. Hakuna tarehe, hakuna grupu, hakuna wa kumuuliza "umelala?" Wewe umeileta kama ushahidi wa kwamba mwandishi akisukumwa ataweza. Mimi naiona imekaa upande wangu.

#9 Mchungu_Daima

Umejibu vizuri lakini bado nimekasirika.

#10 Tuktuk_ya_Buxton

😂😂 Viazi vimekwisha, naongeza mbaazi.

#11 Panya_wa_Duka

Nimeuza vitabu mjini hapa miaka mingi, duka si langu. Ngoja niwaambie kwa nini hamwoni mfululizo wa Kiswahili wa watu wazima kwenye rafu zetu za Kenya, ukitoa vitabu vya watoto vya ngazi ngazi.

Mchapishaji wa Kenya anaishi kwa shule. Akiletewa muswada wa riwaya, swali la kwanza moyoni ni kama kitaweza kuteuliwa kutahiniwa. Kitabu kikiteuliwa, kila mtoto wa kidato anakitaka. Kisipoteuliwa, kinakaa. Sasa wewe mletee mfululizo wa vitabu vitano. Cha kwanza kinaishia katikati ya balaa, hakifai mtihani kwa sababu hakina mwisho. Cha tatu hakifai kwa sababu mtoto hajasoma cha pili. Mwandishi anarudishwa na ushauri mzuri tu: fupisha, malizia hapa hapa.

Ongeza ushuru wa asilimia 16 uliowekwa kwenye vitabu kwa sheria ya 2013. Ongeza kwamba tangu 2018 serikali inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwenye shule za umma. Ile misururu ya wazazi ya Januari ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya duka na kutuwezesha kuweka riwaya ambayo huenda ikauzwa, huenda isiuzwe. Sasa riwaya ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Halafu kuna mteja mwingine hamjamtaja na ndiye anayeniumiza mimi zaidi ya hawa wa kasi. Yule mwenye busara. Anashika kitabu cha kwanza, anasoma nyuma, anakipenda kabisa. Anauliza, "Vimekwisha vyote?" Namwambia bado. Anakirudisha taratibu, anasema atanunua vikikamilika, yeye hapendi kungoja. Wako wengi siku hizi, na huko ng'ambo ni hivyo hivyo, wameumwa na hao akina Martin. Mwisho wa mwaka mchapishaji anaangalia namba za kitabu cha kwanza, anaona hakijatoka, cha pili anakifuta. Kisha mwenye busara yule yule anapita dukani: "Waona? Nilijua hawatamaliza."

Mpeni pole mlafi wa feri. Yeye angalau analipa leo.

#12 Kasi_ya_Feri

Mlafi wa feri!! Nimekubali jina.

#13 Kivuli_cha_Bamburi

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa nimeona niseme. Mimi naandika mifululizo. Mmoja wenu huenda amesoma kazi yangu na hajui, kwa sababu jina langu halipo popote.

Nawaandikia wateja wa nje riwaya za mapenzi za Kiingereza. Mteja ananiletea mchoro wa hadithi, mimi najaza nyama, yeye anaweka jina la mwandishi ambaye hayupo duniani na picha ya mwanamume asiye na shati. Mkataba unanikataza kusema vitabu vipi. Hivi sasa niko na ndugu watano wa mji mdogo wa milimani Marekani, kila ndugu ana kitabu chake na mke wake. Wa tatu ni mzimamoto. Mimi theluji sijawahi kuikanyaga. Nimekaa hapa feni inazunguka, jasho latiririka, naangalia video nijue buti linalia vipi kwenye barafu ya asubuhi.

Kila mwezi kitabu. Kwa nini mwezi? Hapo ndipo penye uzi wa Bint.

Amazon wana mpango uitwao Kindle Unlimited, ulianza 2014. Msomaji analipa ada moja kwa mwezi, anasoma atakavyo. Kwa hivyo kumaliza kitabu kwa usiku mmoja hakumgharimu kitu, akimaliza anagusa kingine. Tangu Julai 2015 mwandishi halipwi kwa kitabu kilichochukuliwa, analipwa kwa kurasa zilizosomwa, na ukurasa mmoja kwa kawaida haufikishi hata nusu senti ya dola. Piga hesabu: kitabu cha kurasa 300 kikisomwa mpaka mwisho ni dola moja na chenji. Ili mtu aishi kwa hiyo, lazima msomaji akimaliza cha ndugu wa kwanza aingie cha ndugu wa pili usiku huo huo. Na orodha ya vitabu vipya vinavyouzwa sana hukihesabu kitabu kuwa kipya kwa siku 30 tu. Zikipita hujaleta kingine, unazama. Ndiyo maana mteja wangu hana muda wa kusikia kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Mwishowe mwendo huo umefika wapi? Septemba 2023 Amazon waliweka kikomo kwa wanaojichapishia: vitabu vipya visizidi vitatu. Kwa siku. Rudia kusoma hapo. Hiyo ilikuja baada ya programu za kuandika zenyewe kuingia, na mteja wangu ameshaanza kuniuliza kwa upole kama siwezi kupunguza bei.

Sasa nimjibu mleta uzi. Hawa wasomaji wa kasi hawajanikosea. Hawajui kama nipo. Hakuna aliyeniuliza umelala. Ningependa hata mmoja aniulize. Anayenikimbiza ni mkataba, na mkataba unakimbizwa na ile hesabu ya kurasa. Na nimeona hesabu hiyo inavyoingia mkononi kwangu. Siku hizi sielezi mvua. Sina nyanya katika kitabu chochote, kwa sababu nyanya huzungumza polepole. Kitabu kilichopita niliandika ukurasa mmoja, mama wa wale ndugu anashona glavu ya mumewe marehemu, kidole kimoja tu kilichotoboka, na yeye hana wa kuivaa. Mteja aliweka alama pembeni: "Kata, msomaji ataruka." Nimekata. Nimelipwa. Ukurasa uko kwenye simu yangu.

#14 Ami_Tudor

Binti yangu wa Bamburi, ukurasa huo usiufute. Uandike kwa Kiswahili, glavu iwe kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono.

#15 Kivuli_cha_Bamburi

Ami 😭 Hilo sikuliwaza. Na theluji niitupe.

#16 Fundi_Simulizi

Jamani mimi ndiye wa ile herufi. Kuandika hii natumia simu ya dada yangu, furahieni: Polisi, pingu, pilipili, papai.

Dada Bint ahsante kwa kunitetea, lakini niruhusu nikupinge mbele za watu. Zile voisi noti hazijaniumiza. Mtu akiniuliza saa saba usiku kama nimelala, maana yake nina mtu macho kwa ajili ya maneno niliyoyaandika nikiwa nimeegemea magunia ya simiti. Kwa nani tena ningepata hilo? Grupu nilifunga kwa sababu walianza kutukanana wenyewe kwa wenyewe, mambo ya timu ya mjomba na timu ya mke mdogo.

Niwaambie kinachouma. Nashusha sehemu saa tatu. Saa tatu na dakika kumi ishaforwadiwa kwenye grupu za bure, jina langu limetolewa, limewekwa la mtu mwingine na namba yake ya malipo. Yule anaiuza msimu mzima kwa bei ya chini kuliko yangu. Nashindana na mimi mwenyewe, na yule mimi mwingine halali njaa. Wateja wakimwuliza muendelezo uko wapi yeye huwaambia mwandishi anaumwa. Nimewahi kutumiwa pole ya ugonjwa ambao sina.

Kwa hivyo siku hizi nashusha usiku mmoja sehemu mbili, ili mwizi apate kazi ya kunakili zaidi na wangu waliolipa wawe mbele. Hiyo ndiyo kasi yangu ilikotoka. Msomaji hakuniomba, nilikuwa nakimbia mwizi.

La pili ni wakisiaji. Katika hii ya mjomba, dada mmoja wa Mtwapa aliandika mapema kabisa kuwa muuaji ni fundi cherehani. Ni yeye kweli. Watu wakampa vidole gumba hadi nikaona aibu. Ndugu yangu akasema badilisha, mfanye muuaji awe daktari, utawakomesha. Nikakaa nikafikiri. Kwenye sehemu ya pili kuna kifungo cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa rangi isiyo yake. Nikimbadilisha muuaji, kile kifungo kitakuwa kimelala pale bure, na aliyekiona atakuwa ameona uongo. Nimemwacha fundi. Yule dada hakutoka kwenye grupu, alimlipia na dadake. Watu hawakimbii kwa kujua mwisho, Ami ameshasema hapo juu kuhusu Bwana Msa.

#17 Otaku_Bombolulu

Kwa hiyo umetuambia muuaji bure hapa??

#18 Fundi_Simulizi

Lo. Admini, waweza kuificha hiyo aya?

#19 Tuktuk_ya_Buxton

Nimeshapiga skrinishoti. Sh50 natuma wapi?

#20 Mchungu_Daima

Mimi nauliza kitu kimoja cha kibiashara. Kwa nini usimalize simulizi yote kwanza ndiyo ufungue grupu? Hakuna wa kukukimbiza, hakuna wa kukudai, mwizi ataiba mara moja tu.

#21 Fundi_Simulizi

Kaka, hilo nimelijaribu kichwani mara nyingi. Sina mtu wa kunilisha nikiandika bila kuuza. Zile Sh50 za mwanzo ndizo bando la kuandikia. Na ukweli mwingine, bila anayengoja mimi hulala. Narudi kutoka dukani nimechoka, kama hakuna aliyeniandikia "shusha" naangalia mpira.

#22 Kivuli_cha_Bamburi

Kuna njia ya katikati, ndiyo ninayotumia mteja akinibana. Weka akiba. Andika nusu ya msimu kabla ya kufungua grupu, uzifiche. Ukianza kushusha, wewe uko mbali mbele yao. Siku ukiumwa kweli wanashushiwa kutoka kwenye akiba na hakuna anayejua. Na utangaze siku za kushusha kwenye maelezo ya grupu, kama dada wa feri alivyoomba: tarehe, si haraka. Ukitaka nikusomee mchoro wa msimu ujao niambie, bure, nimechoka na wazimamoto.

#23 Bint_Kuze

Mimi nakubali akiba, kwa sharti moja: anunue kioo cha simu kwanza. Nusu msimu bila P kwa mpigo mmoja siusomi.

Na nabadilisha kidogo msimamo wangu wa post ya kwanza, kwa sababu ya Kivuli cha Bamburi na huyu kaka. Nilisema presha ni ya namna ya malipo, bado nasema hivyo. Lakini nilizungumza kana kwamba anayengojewa anaonewa tu. Kumbe yuko ambaye akiacha kungojewa anaacha kuandika, na yuko wa Bamburi ambaye anasomwa usiku kucha na hangojewi na mtu. Kati ya hao wawili sijui ningemwonea huruma nani zaidi. Nadhani wa Bamburi.

#24 Kasi_ya_Feri

Msimu ujao natoa Sh150 badala ya 50, mkiweka tarehe. Na siforwadi, naapa kwa foleni.

#25 Ami_Tudor

Nami nataka hiyo ya fundi cherehani, ijapokuwa mmenitobolea siri. Lakini sisomi kwa simu. Mjukuu asema hapo mjini wapo wa kompyuta wanaochapa wakakubania kama kitabu. Nitalipa karatasi zangu, na mwandishi nitampa haki yake kando, asinipunguzie kwa sababu ya mvi. Herufi ziwe kubwa.

#26 Fundi_Simulizi

Ami, shikamoo. Ikikamilika ntaileta mwenyewe Tudor. Wataka ya waya ama ya gundi?

#27 Ami_Tudor

Gundi. Ile ya waya hunasa kanzu.